Skafu iliyoanza na vitanzi 30 ikaisha na 37: kuongeza vitanzi kwa anayeanza kufuma

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nilianza kufuma mwezi wa pili, najifunza mwenyewe kwa kuangalia video kwenye simu. Nimemaliza skafu mbili. Ya kwanza niliianza na vitanzi 30 nikamaliza na 37, na sikuongeza hata kimoja kwa kukusudia. Sasa nataka kumfumia mwanangu wa miaka mitano sweta kabla baridi ya Makambako haijakolea. Maelekezo niliyopata yanasema mkono uanze na vitanzi 36 ufike 56, lakini hayasemi vinaongezwaje. Nimejaribu kunyanyua uzi ulio kati ya vitanzi viwili nikapata matundu. Nimejaribu pembeni kabisa, ukingo ukawa kama meno ya msumeno. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa skafu mbili. Wengi huishia nusu ya ile ya kwanza, sindano zikabaki juu ya kabati.

Tuanze na hiyo ya vitanzi 37, wala usiionee haya. Mtu aliyetoka 30 akafika 37 anajua kuongeza vitanzi. Mikono yake inajua, mwenyewe ndiye hana habari. Vile saba uliviweka wewe, na kwa ninavyowafahamu wanafunzi wangu hapa Lushoto, viliingia kwa njia moja kati ya tatu.

Inayotokea sana ni uzi kubaki mbele. Unapofuma kawaida, uzi unatakiwa ukae nyuma ya sindano. Mtoto amekuita, umeweka kazi chini, umerudi na kuishika huku uzi uko mbele, ukaendelea. Uzi hapo unapanda juu ya sindano na kukaa kama kitanzi, na chini yake pana tundu. Itandaze skafu yako mezani: ukiona kitundu kimekaa peke yake katikati ya kazi iliyo nzuri, ndipo ulipoitwa.

Njia ya pili iko mwanzoni mwa safu. Unageuza kazi, unauvuta uzi kwa nguvu kwenda nyuma ukipitia juu ya sindano, na kitanzi cha kwanza kinavutika mpaka kile kilichokuwa chini yake kinajitokeza na miguu yake miwili. Unaviona vitanzi viwili, unavifuma vyote viwili. Kabla ya kufuma kitanzi cha kwanza, acha uzi uning'inie mbele, kisha upeleke nyuma ukipita chini ya ncha ya sindano. Ukizoea hilo, ukingo wako utanyooka wenyewe. Ya tatu ni uzi kupasuka. Hizi nyuzi za akriliki za bei nafuu zimesokotwa kwa nyuzi nyembamba kadhaa, na ncha kali ikipenya katikati yake, kitanzi kimoja kinahesabika viwili.

Sasa shika sindano yenye vitanzi uisogeze karibu na macho. Kila kitanzi kimeipanda sindano kama mtu aliyepanda baiskeli, mguu mmoja huku, mguu mwingine kule. Mguu wa kulia unatakiwa uwe mbele, upande ulioko wewe. Kama kwako mguu wa kulia uko nyuma, basi unazungusha uzi kinyume na wengi, jambo linalowapata sana waliojifunza bila mtu wa kuwakaa ubavuni. Lirekebishe kwanza, kwa sababu maelezo yote yanayofuata yatakugeukia. Halafu penyeza jicho kati ya kitanzi kimoja na jirani yake. Kuna uzi mfupi umelala, ndio unaowaunganisha. Mimi nauita daraja. Kuongeza kote kunachezea ama miguu ya kitanzi, ama hilo daraja, ama kunaweka uzi mpya juu ya sindano. Ukijua umegusa kipi, hutapotea.

Na ili tuelewane: nikisema kawaida, nina maana uzi uko nyuma na sindano inaingia kutoka mbele. Nikisema kinyume, uzi uko mbele na sindano inaingia kutoka kulia kwenda kushoto. Safu moja kawaida, safu moja kinyume, ndiyo inayotoa ule ufumaji laini wa sweta, wenye herufi V upande wa nje na matuta upande wa ndani.

Anza na njia hii, maana haina tundu hata ukiikosea. Ingiza sindano kwenye mguu wa mbele wa kitanzi, fuma kawaida, lakini usikidondoshe kile cha zamani. Kiache palepale kwenye sindano ya kushoto. Zungusha ncha ya sindano ya kulia uingie kwenye mguu wake wa nyuma, fuma tena, ndipo ukiachie. Kitanzi kimoja kimezaa viwili. Kwenye maelekezo ya kigeni utaiona kwa herufi KFB, na kwenye yale ya zamani ya Kiingereza wanaandika INC tu, na kwa kawaida wana maana hii hii.

Kasoro yake ni kwamba inaacha kijituta kimoja kidogo, kama punje ya mtama, upande wa kushoto wa kitanzi. Kwenye kazi iliyofumwa kawaida pande zote mbili, kama skafu yako, kijituta hicho hakionekani kwa kuwa kazi yote ni matuta. Kwenye ufumaji laini kinaonekana, na hapo pana ujanja ambao maelekezo mengi hayausemi. Kwa kuwa kijituta hukaa kushoto daima, ukiongeza kwenye kitanzi cha pili mwanzoni mwa safu na kwenye cha pili kutoka mwisho, vijituta havitalingana: upande mmoja kitakuwa ndani zaidi. Mwanzoni ongeza kwenye kitanzi cha pili, mwishoni ongeza kwenye cha tatu kutoka mwisho, ufume viwili vilivyobaki. Hesabu kwa kidole: pande zote mbili kijituta kitakuwa kitanzi cha tatu kutoka ukingoni. Ukipanda nacho mkono mzima utapata mistari miwili ya vijituta vilivyopangika sawasawa, na mtu atadhani uliviweka kwa urembo.

Tuje kwenye matundu yako. Uliponyanyua lile daraja hukukosea njia, ulikosea mguu. Daraja ukilinyanyua na kulifuma kama lilivyo, linabaki limefunguka chini kama mdomo wa mtu aliyeshangaa. Ili lifunge, lazima lisokotwe nusu mzunguko wakati wa kulifuma. Kinachosokota ni kuchagua mguu ule usiokujia kirahisi.

Ingiza ncha ya sindano ya kushoto chini ya daraja kutoka mbele kwenda nyuma. Sasa daraja limekaa kwenye sindano kama kitanzi. Ukilifuma kwa mguu wa mbele, tundu. Lifume kwa mguu wa nyuma, litajikunja na kufunga, na kitanzi kipya kitalalia kushoto. Hiyo ndiyo wanayoiandika M1L. Dada yake ni M1R: ingiza ncha ya sindano ya kushoto chini ya daraja kutoka nyuma kuja mbele, kisha ulifume kwa mguu wa mbele. Kitanzi kitalalia kulia. Wanafunzi wangu nawakaririsha hivi: umeingia mlango wa mbele, toka wa nyuma, umeingia wa nyuma, toka wa mbele. Ukiingilia na kutokea mlango mmoja, umeacha tundu.

Hii ya pili, ya kulalia kulia, itakubana. Daraja ni fupi, sindano inagoma kuingia, unaanza kutoa jasho na kusema sindano mbovu. Ndivyo ilivyo, mdogo wangu. Ikikuingilia kirahisi kabisa, simama uangalie, huenda umelishika kwa mguu usio wake. Kinachosaidia ni kulivuta daraja kidogo kwa ncha kabla ya kufuma, na kutokaza sana vitanzi vya safu iliyopita.

Kama vidole bado vinagoma, kuna njia rahisi inayotoa sura inayokaribiana. Zungushia uzi unaotoka kwenye bonge kwenye kidole gumba cha kushoto, pitisha ncha ya sindano ya kulia chini ya uzi ulioko upande wa nje wa kidole, chomoa kidole, kaza taratibu. Umepata kitanzi cha ziada juu ya sindano ya kulia bila kunyanyua chochote. Njia hii hufaa pia pale unapotakiwa kuongeza vitanzi vingi kwa mpigo pembeni, kama unapofuma sweta la kipande kimoja na umefika kwapani. Safu ya kwanza juu yake huwa inalegalega, ifume polepole.

Halafu kuna tundu la makusudi. Ulilolifanya kwenye skafu kwa bahati mbaya, yaani kuleta uzi mbele na kuendelea kufuma kawaida, ni njia halali kabisa ya kuongeza, nayo inaandikwa YO. Shali za watoto wachanga zile za matundumatundu zote zinajengwa nayo. Siri ndogo: safu inayofuata, ukikifuma kile kitanzi kipya kupitia mguu wa nyuma, kinajisokota na tundu linazibika karibu lote. Anayeogopa kunyanyua daraja anaweza kufuma sweta zima hivyo, safu hii anaweka uzi juu ya sindano, safu ijayo anaufunga. Inalegea kidogo kuliko M1, lakini mtoto wa miaka mitano hana muda wa kuikagua.

Ipo pia ya kufuma ndani ya kitanzi cha safu ya chini. Ni nzuri na haionekani, ila inavuta kazi ukiirudia kila baada ya safu mbili. Iache kwanza.

Ushauri wangu kwako: chagua moja, ifanye mpaka uichoke. Anzisha vitanzi 20 kwa uzi wa rangi nyepesi, si mweusi wala kijani iliyokolea, kwa sababu usiku kwa taa huwezi kusoma daraja kwenye uzi mweusi. Fuma laini safu sita, kisha kila safu ya nne ongeza kimoja kila upande. Chini tumia KFB, juu yake M1L na M1R, juu kabisa uzi juu ya sindano. Kipande kikifika vitanzi 40 kifunge, kitundike ukutani kwa pini. Mimi cha kwangu ninacho mpaka leo. Nilikifuma kwa spoku mbili za baiskeli tulizozisugua ncha kwenye jiwe, kina doa la mafuta ya taa, na kila nikibishana na mwanafunzi kuhusu kipi kinalalia wapi tunakwenda kukiangalia.

Meno ya msumeno nayo yana sababu yake. Uliongeza kwenye kitanzi cha mwisho kabisa, ukingoni. Kitanzi cha ukingo ndicho kitakachoingia kwenye mshono utakapounga mkono wa sweta, na ukikichokoza kila safu ya sita, kinalegea hapa na kukaza pale. Ongeza ndani, ukiacha vitanzi viwili pembeni ambavyo havijaguswa. Fuma viwili, M1L, endelea mpaka vibaki viwili, M1R, fuma viwili. Wapo wanaobadilisha, kulia mwanzoni na kushoto mwishoni, na kazi yao ni nzuri tu. Muhimu ni ziwe jozi. Ule ukingo wa vitanzi viwili utapanda umenyooka kama uzio, na siku ya kushona utanishukuru, kwa sababu sindano ya kushonea itajua pa kupita.

Sasa hesabu, na hapa ndipo masweta mengi yanapoharibikia. Chukua daftari.

Sweta lako nalihesabia kwa uzi wa unene wa kati, ule wenye herufi DK kwenye karatasi yake, na sindano za milimita 4, ambapo sentimita 10 zinachukua vitanzi 22 kwa upana na safu 28 kwa urefu. Wewe pima kipande chako mwenyewe, usiniamini mimi wala karatasi ya uzi. Mkono uanze na 36, ufike 56. Tofauti ni 20. Kila safu ya kuongeza inatoa viwili, kimoja kila upande, kwa hiyo unahitaji safu 10 za kuongeza. Mkono, ukitoa ile sehemu ya chini inayovutika, ambayo mafundi wengine huiita ribu, tuseme ni sentimita 25. Kwa safu 28 kwa kila sentimita 10, hizo ni safu 70. Gawa 70 kwa 10 upate 7. Lakini 7 ni namba witiri: ukiongeza kila safu ya saba, mara moja utaongeza ukiwa upande wa nje, mara inayofuata upande wa ndani, na kwa anayeanza hiyo ni kero tupu. Shuka mpaka 6. Fuma safu nne bila kuongeza, ongeza safu ya 5, kisha ya 11, 17, 23, 29, 35, 41, 47, 53 na 59. Ni safu kumi, zote namba witiri, zote upande wa nje. Zinabaki safu 11 za juu, karibu na kwapa, ambazo unafuma tu bila kuongeza.

Ziandike hizo namba kwenye daftari kwa mstari, na kila ukimaliza safu ya kuongeza, ikate namba yake na uandike pembeni idadi ya vitanzi: 38, 40, 42, mpaka 56. Usiandike kwa kukumbuka. Hesabu kwenye sindano ndipo uandike. Chomeka pia pini ndogo ya kubana kwenye kitanzi kipya kila unapoongeza, au kipande cha uzi wa rangi nyingine. Vipete vilivyokatwa kwenye mrija wa soda navyo vinafaa sana kugawanya vitanzi kwenye sindano, na havigharimu kitu.

Mwaka fulani nilipokea oda ya sweta la mtoto wa jirani. Mkono wa kwanza niliufuma mchana, safu kwa safu, daftari mkononi. Wa pili niliufuma usiku kwenye msiba, tunaongea, naongeza kwa kubahatisha. Asubuhi nikavilaza mezani: mmoja umepanuka taratibu kama mkono wa mtu, mwingine umefika 56 kabla haujafika kiwiko, umevimba kama umeng'atwa na nyuki. Nilikuwa nimeongeza kila safu ya nne badala ya sita. Idadi ya mwisho ilikuwa sahihi, na bado nilifumua. Tangu siku hiyo mikono yote miwili naifuma kwa pamoja kwenye sindano moja ndefu, mabonge mawili ya uzi, mmoja unafuata mwingine. Nikiongeza huku naongeza na kule safu hiyo hiyo. Inaonekana kama inachelewesha, kumbe ukimaliza umemaliza yote.

Kuna kuongeza kwa aina nyingine utakutana nako kwenye mwili wa sweta. Ile ribu ya chini hufumwa kwa sindano nyembamba zaidi, kwa kawaida milimita 3.25, na kwa vitanzi pungufu ili ibane kiuno. Ukiimaliza unatakiwa upanue kwa safu moja, vitanzi vikiwa vimegawanyika sawa. Mathalani nyuma ya sweta lako ribu ina 64 na mwili unataka 72. Unaongeza 8. Gawa 64 kwa 8 upate 8. Wengi hapo wanafuma vinane wanaongeza, vinane wanaongeza, na kile cha mwisho kinaangukia ukingoni kabisa, palepale tulipokatazana. Likate fungu la kwanza nusu: fuma 4, ongeza, kisha fuma 8 uongeze mara 7, malizia na 4. Jumlisha: 4, na 56, na 4, ni 64. Umeongeza mara 8. Ukitumia KFB kumbuka yenyewe inakula kitanzi kimoja kati ya vile ulivyohesabu, M1 haili kitu, inazaliwa katikati. Mkanganyiko huo mdogo ndio unaowafanya watu wafike mwisho wa safu wakiwa wamebakiwa na vitanzi visivyo na kwao.

Kuhusu sindano, chunga namba. Zile za zamani za Kiingereza, ambazo bado zimo kwenye masanduku ya mama zetu, namba 8 ni milimita 4. Namba 8 ya Kimarekani ni milimita 5. Tena za Kiingereza namba ikipanda sindano inakuwa nyembamba, za Kimarekani inanenepa. Video ikikwambia namba 8, uliza ya wapi, ama sweta la mtoto litamtosha baba.

Ukikosea, usikimbilie kufumua. Ukigundua leo kwamba safu nne zilizopita ulisahau kuongeza, ongeza sasa hivi uendelee, hakuna macho yatakayoona. Umeongeza kimoja zaidi, fuma viwili kwa pamoja karibu na ukingo. Na lile tundu la daraja ambalo hukulisokota linazibika hata ukiwa safu kumi juu yake: fika kwenye kitanzi kilichosimama juu ya tundu hilo, kidondoshe hicho kimoja kwa makusudi, kishuke ngazi mpaka kwenye daraja. Lichukue daraja kwa sindano ya kroshia, lisokote nusu mzunguko, kisha panda ngazi moja moja ukivuta kila uzi ndani ya kitanzi, mpaka ukirudishe kwenye sindano. Mara ya kwanza moyo utakwenda mbio. Jaribu kwenye kile kipande cha ukutani kabla hujakitundika.

Nitoke nje kidogo. Nikiwa Pangani niliwahi kukaa na mzee mmoja aliyekuwa anasuka kimia, wavu ule wa kutupa kwa mkono. Alianzia juu, kwenye kichwa chake, kwa macho machache tu, na kila baada ya safu kadhaa anaongeza macho, wavu unajifungua kama sketi. Nikamuuliza anajuaje pa kuongeza. Akasema akikosa kuongeza kimia hakifunguki kikitua, kinaanguka kama gunia. Akizidisha kinakunjana, samaki wanapata mlango. Kumbe ni hesabu yetu hii hii. Kitu cha duara kinahitaji nafasi zaidi kadiri unavyotoka katikati. Elizabeth Zimmermann, mfumaji mzaliwa wa Uingereza aliyeishi Wisconsin huko Marekani na kufariki mwaka 1999, aliitumia kanuni hiyo kwa shali ya duara isiyo na mistari ya kuongeza: anaanza na vitanzi 9, anavizidisha mara mbili viwe 18, anafuma safu 3, mara mbili tena 36, safu 6, mara mbili 72, safu 12, na kuendelea hivyo, 144, 288, 576. Umbali kutoka katikati ukiongezeka maradufu, na mzunguko unaongezeka maradufu. Siku ukipata mtoto mwingine wa kumbeba, ifume hiyo kwa uzi juu ya sindano, kati ya safu moja ya kuzidisha na nyingine hufanyi lolote ila kufuma. Lakini sweta kwanza.

Kabla hujaanzisha vile 36, mpime mtoto akiwa amevaa fulana anayoivaa ndani, kuanzia kwapani mpaka kwenye kifundo cha mkono. Njombe yote Juni na Julai baridi haina mzaha, na mtoto wa miaka mitano anarefuka huku unamtazama, hivyo ongeza sentimita 2 za ribu atakazokunja mwaka huu na kuzikunjua mwaka ujao. Urefu huo wa ziada hauhitaji kitanzi kipya hata kimoja.

Na ile skafu ya 37 usiifumue. Ivae huku ncha pana ikiwa chini.